Msaidizi bora wa milimani akipewa timu, anaweza kushinda mbio za wiki tatu?

Mwana wa Magomeni

Wakuu, salaam.

Sisi tunaofuatilia mbio za baiskeli za Ulaya tukiwa Dar es Salaam tunajua kwamba hatua nyingi, yaani mbio za kila siku ndani ya shindano, humalizika jioni, saa ambayo wengi wetu tuko kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro au ya Mandela, na kwa hiyo tunaambulia kilomita chache za mwisho kupitia simu. Anayetazama kilomita hizo pekee humwona kiongozi wa timu akichomoka na kushinda. Anayetazama saa nzima iliyotangulia humwona mtu mwingine kabisa, yaani msaidizi wa milimani, ambaye hukaa mbele ya kundi na kupandisha kwa mwendo mkali hadi wapinzani wanadondoka mmoja baada ya mwingine, kisha nguvu zinapomwishia hujiweka kando na kumwacha kiongozi wake aende. Swali ninaloliweka mezani ni hili: mtu huyo anayewaangusha viongozi wa timu nyingine, akipewa timu awe kiongozi yeye mwenyewe, ataweza?

Mfano unaotajwa kila mara ni Sepp Kuss, Mmarekani mzaliwa wa Durango, Colorado. Mwaka 2023 alishiriki mashindano yote matatu ya wiki tatu. Kwenye Giro d'Italia alimsaidia Primož Roglič, aliyeshinda. Kwenye Tour de France alimsaidia Jonas Vingegaard, naye akashinda. Halafu kwenye Vuelta a España, ambako alikwenda kuwasaidia wote wawili, akashinda yeye, Vingegaard akawa wa pili na Roglič wa tatu. Timu moja, Jumbo-Visma, ilichukua mashindano matatu ya mwaka mmoja kwa watu watatu tofauti.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizunguke: anaweza, lakini uwezo wa kupanda mlima si jambo la kwanza la kuangaliwa. Milimani tayari tunajua ni hodari, kwani ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Tunapaswa kuuliza atafanya nini katika siku zisizo na mlima, na hasa siku ile ambayo anapanda baiskeli peke yake akishindana na saa.

Mpanda Pugu

Mkuu, nakubaliana na nusu ya maelezo yako. Nusu nyingine inahitaji tuambiane ukweli kuhusu Vuelta ile ya 2023.

Kuss aliipata nafasi yake kwenye hatua ya sita, iliyomalizikia juu ya Javalambre. Alitoka na kundi lililochomoka mapema, akashinda hatua, na akawaacha Roglič na Vingegaard kwa zaidi ya dakika mbili na nusu, kwa sababu timu nyingine hazikumhesabu kuwa ni tishio. Hatua ya nane ikamvalisha jezi nyekundu, ile ya anayeongoza Vuelta kwa jumla ya muda. Kisha ikafika hatua ya 17, mlima wa Angliru, ambako wenzake wawili wa timu moja walimwacha nyuma. Roglič akashinda hatua, na Kuss akabaki na jezi kwa sekunde nane tu mbele ya Vingegaard. Baada ya hapo timu ilipanga kwamba asishambuliwe tena na wenzake. Sasa tujiulize: kama Vingegaard angeachwa huru katika hatua zilizobaki, sekunde nane zingetosha?

Kwenye mpira, kiungo mkabaji anayecheza vizuri misimu mitano mfululizo haanzi kupangwa namba tisa eti kwa sababu siku moja alifunga bao la ushindi. Ushindi wa Kuss naupa heshima yake yote, ila sioni kwamba umejibu swali la uongozi.

Dada wa Kigamboni

Kaka Mpanda Pugu, mfano wako wa mpira una kasoro moja. Kiungo mkabaji na mshambuliaji hufanya kazi mbili tofauti, ilhali msaidizi wa milimani na kiongozi wake hufanya kazi ileile kwenye mlima uleule. Tofauti yao ni kilomita ambayo kila mmoja anaishia. Isitoshe, umeacha mambo mawili ya msingi.

La kwanza ni hatua ya 13, iliyomalizikia juu ya Tourmalet. Siku ile Vingegaard alishinda, Kuss akawa wa pili na Roglič wa tatu, na ndiyo siku Remco Evenepoel, bingwa wa Vuelta ya mwaka uliotangulia, alipopoteza dakika 27. Mlima huo haukuwa zawadi ya mtu. La pili ni kwamba zile dakika mbili na nusu za Javalambre ni sehemu ya mbio. Mshindi hupatikana kwa kujumlisha muda wa hatua zote 21, na hakuna kanuni inayosema kwamba muda uliopatikana kutokana na wengine kuzubaa una thamani ndogo kuliko muda uliopatikana kwa kushambulia. Viongozi wangapi wamewahi kushinda kwa sababu wapinzani wao walizubaa siku moja ya upepo? Wale hatuwaiti washindi wa kupewa.

Pia tuangalie alikotoka. Alimaliza Giro akiwa wa 14 na Tour akiwa wa 12, na kwenye Tour alianguka vibaya hatua ya 20 akamaliza huku uso ukiwa na damu. Hizo ni nafasi za mtu aliyekuwa akifanya kazi ya mwingine kwa wiki sita, na ambaye aliingia Vuelta akiwa na uchovu ambao washindani wake wengi hawakuwa nao. Timu nyingi za daraja la juu zina kiongozi ambaye, hata akihudumiwa na wenzake wote saba, hafiki nafasi ya 12.

Fundi Rimu

Nawasalimu wote. Naomba tuingie kwenye namna kazi yenyewe inavyofanyika, kwa maana bila hilo tutabaki na majina na sekunde tu.

Kazi ya msaidizi hupimwa kwa dakika. Anaambiwa avute kuanzia kilomita ya kumi hadi ya tano kabla ya kileleni, kwa mwendo ambao hautamruhusu mpinzani kushambulia, na akishamaliza haombwi kitu kingine. Akishajiweka kando, anapanda taratibu hadi juu, anakula, analala. Siku za tambarare ambazo hazimhusu anaruhusiwa kumaliza nyuma sana pamoja na kundi la waliochoka, mradi asipitwe na muda wa mwisho uliowekwa. Kwa maneno mengine, anayo haki ya kuwa na siku mbaya. Kiongozi hana haki hiyo hata mara moja katika wiki tatu.

Kiongozi anapaswa kuwa miongoni mwa watu thelathini wa mbele kila barabara inapobana, kila upepo wa ubavuni unapovuma na kila mteremko wenye maji unapokuja, kwa sababu kundi likikatika akiwa nyuma anapoteza dakika ambazo hakuna mlima utakaomrudishia. Kupigania nafasi kwa saa nne huku bega lako likigusana na la mwenzako ni kazi, ingawa kwenye runinga inaonekana kama watu wanatembea. Akivaa jezi ya uongozi, baada ya hatua anapanda jukwaani, anapimwa dawa zilizokatazwa, anahojiwa na waandishi, na anafika hotelini wakati wenzake wamekwisha kukandwa. Mambo haya yakijirudia kwa siku kumi huonekana miguuni.

Kuhusu Angliru, ningependa Mpanda Pugu azingatie jambo moja. Kwenye mlima wa wastani, ambako wanapanda kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa au zaidi, kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako bado kunakupunguzia kazi ya kukata upepo. Kwenye Angliru, ambako kuna mahali mwinuko unapita asilimia 20, kasi hushuka mno hivi kwamba karibu nguvu yote inatumika kuubeba mwili na baiskeli kwenda juu, na gurudumu la mbele yako halikusaidii kitu. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua hali hiyo pale kwenye kona kali: hata ukiwa na marafiki kumi, unapanda peke yako. Kwa hiyo Angliru ilipima miguu mitupu, na siku hiyo Kuss alikuwa wa tatu kwa nguvu nyuma ya mabingwa wa Giro na Tour wa mwaka uleule. Mimi sioni aibu katika matokeo hayo.

Mwana wa Magomeni

Ahsante sana Fundi. Umenifikisha nilipotaka kufika, maana baada ya hayo yote linabaki chujio moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha wasaidizi waliokuja kuwa mabingwa na wasaidizi waliobaki na sifa za usaidizi. Chujio hilo ni mbio dhidi ya saa.

Tuwaangalie waliofaulu. Miguel Indurain alimtumikia Pedro Delgado, bingwa wa Tour ya 1988, na mwaka 1990 alimaliza wa 10 akiwa bado msaidizi. Kuanzia 1991 hadi 1995 alishinda Tour mara tano mfululizo, na silaha yake kuu ilikuwa mbio dhidi ya saa. Milimani alihitaji tu kutoachwa. Chris Froome, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tunamjua kama mtoto wa Nairobi aliyepanda baiskeli na Mkenya David Kinjah, alikwenda Vuelta ya 2011 kumsaidia Bradley Wiggins. Kwenye mbio dhidi ya saa za Salamanca alikuwa wa pili nyuma ya Tony Martin na akavaa jezi nyekundu. Timu ikaendelea kumtumia kwa ajili ya Wiggins, na mwishowe Froome akashindwa na Juan José Cobo kwa sekunde 13. Miaka minane baadaye Cobo alinyang'anywa ushindi kwa makosa ya dawa, na taji likahamia kwa Froome. Geraint Thomas naye, aliyembeba Froome kwa miaka mingi kabla ya kushinda Tour ya 2018, alitoka kwenye mbio za uwanjani ambako alipata dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2017 alishinda mbio dhidi ya saa za ufunguzi wa Tour pale Düsseldorf.

Sasa tumweke Mikel Landa upande wa pili. Huyu ni mpandaji ambaye wengi wangemtaja kwenye orodha yoyote ya wapandaji bora wa kizazi chake. Giro ya 2015 alikuwa wa tatu akiwa katika timu iliyomweka Fabio Aru mbele, na Tour ya 2017 alikuwa wa nne akimtumikia Froome, akilikosa jukwaa la watatu bora kwa sekunde moja tu nyuma ya Romain Bardet. Kila mtu alisema akipewa timu atashinda. Akapewa uongozi kwingine, na matunda yake bora yakawa nafasi ya nne kwenye Tour ya 2020 na ya tatu kwenye Giro ya 2022. Miguu ya milimani haikumtupa, lakini mara nyingi muda alioupata juu aliurudisha kwenye mbio dhidi ya saa.

Ndiyo maana namba za njia ni muhimu kuliko tunavyodhani. Tour ya 2012, aliyoshinda Wiggins huku Froome akiwa wa pili, ilikuwa na zaidi ya kilomita 100 za mbio dhidi ya saa. Tour ya 2023 ilikuwa na kilomita 22.4 tu. Vuelta aliyoshinda Kuss ilikuwa na hatua moja tu ya mtu mmoja mmoja, kule Valladolid, yenye kilomita zisizofika 26, na hata hapo alibaki na jezi kwa sekunde 26 mbele ya Marc Soler. Mchukue Kuss yuleyule, mpeleke 2012, na sidhani kama angeingia kumi bora.

Mpanda Pugu

Hoja ya chujio ni nzuri, lakini Richie Porte anaivuruga. Porte alikuwa msaidizi mkuu wa Froome, alikuwa mzuri sana kwenye mbio dhidi ya saa, na alipoondoka kwenda kuongoza timu nyingine alikuwa na kila kitu ulichokitaja. Kwenye Tour ya 2016 tairi lilimwishia upepo hatua ya pili akapoteza dakika 1 na sekunde 45, akamaliza wa tano. Mwaka 2017 alianguka kwenye mteremko wa Mont du Chat na kuvunjika nyonga na mtulinga. Mwaka 2018 akaanguka tena hatua ya tisa, na mtulinga ukavunjika mara nyingine. Jukwaa la Paris alilifikia 2020, akiwa wa tatu na umri wa miaka 35. Je, hiyo ni bahati mbaya peke yake? Mimi naona kuna kipaji cha tatu ambacho hakionekani kwenye mashine za kupimia nguvu, nacho ni kuepuka matatizo. Msaidizi akipata pancha anatoweka kimya kimya bila mtu kuuliza. Kiongozi akiipata, mwaka mzima wa timu unaweza kuisha hapo.

Tena kuna Giro ya 2020. Thomas alianguka mwanzoni kabisa na kuondoka, na msaidizi wake Tao Geoghegan Hart akabaki bila bosi. Kwa upande mwingine Jai Hindley alikuwa msaidizi wa Wilco Kelderman. Wasaidizi hao wawili wakaianza siku ya mwisho ya Milan wakiwa na muda sawa, na Geoghegan Hart akashinda kwa sekunde 39. Hindley akarudi 2022 na kulitwaa taji hilo akiwa kiongozi kamili. Kwa hiyo nafasi wakati mwingine huja kwa ajali ya mtu mwingine, bila uamuzi wa ofisi yoyote.

Mzee wa Ilala

Vijana, nawasoma kwa furaha. Kuna jambo mmelipita haraka: ruhusa.

Mwaka 1985 Greg LeMond alikuwa kwenye timu moja na Bernard Hinault. Hinault alikuwa ameanguka na kuvunjika pua, na kwenye hatua ya Luz Ardiden LeMond alikuwa mbele akiwa na nguvu za kutosha. Timu ikamzuia asivute. Hinault akashinda Tour yake ya tano, LeMond akawa wa pili kwa dakika 1 na sekunde 42. Iliaminika kwamba mwaka unaofuata Hinault angemlipa fadhila, lakini 1986 mzee huyo alimshambulia LeMond tangu Pirenei, na LeMond akalazimika kumshinda mtu wa timu yake mwenyewe ili awe Mmarekani wa kwanza kushinda Tour.

Mwaka 2012 kule La Toussuire mliyaona yaleyale: Froome alichomoka, redio ikamwita, akapunguza mwendo kumsubiri Wiggins. Tofauti ni kwamba LeMond na Froome walikasirika, na hasira ile iliwasaidia. Sijui kama msaidizi ambaye moyo wake umeridhika na kazi yake anaweza kuongoza hata kama miguu inaruhusu.

Dada wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Hapo umegusa jambo zito, na ningependa kuliongezea upande unaotuhusu sisi.

Mpanda baiskeli anayetoka Afrika akifika timu za Ulaya huanza karibu kila mara kama msaidizi, na kuitoka nafasi hiyo ni kugumu kuliko kwa mwenzake aliyekulia Italia au Hispania, kwa sababu hakupitia shule za vijana ambako watu wanafundishwa kukaa mbele ya kundi, kusoma upepo na kuteremka mlima kwa kasi. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya mfalme wa milima, ya mwenye pointi nyingi za vilele, kwenye Tour ya 2015, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, lakini hakuwahi kujengewa timu ya kugombea wiki tatu. Biniam Girmay alipata uongozi kwa njia nyingine, ya mbio za kasi za mwisho, akashinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi, mwaka 2024. Mashindano ya dunia yalipofika Kigali Septemba 2025, wengi tuliona kwa macho yetu jinsi vilima vya jirani zetu vinavyowachosha mabingwa. Vijana wa ukanda huu hawana upungufu wa milima. Wanachokosa ni yale mengine yote ambayo Fundi Rimu ameyaeleza, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayomfanya mtu abaki msaidizi, awe wa Asmara au wa Colorado.

Kuhusu moyo ulioridhika, mzee, nina shaka kidogo. Hatua ya 18 ya Vuelta ile, siku moja baada ya Angliru, Kuss alikazana mwishoni na kumwacha Vingegaard kwa sekunde tisa, ndipo tofauti ikafika zile sekunde 17 alizoshindia. Mtu asiyetaka ushindi angengoja kupewa.

Fundi Rimu

Sekunde tisa ambazo Vingegaard alikubali zimpite, dada. Tusisahau hilo.

Mwana wa Magomeni

Nimewasoma wote. Hoja ya Porte naichukua kama nyongeza kwenye chujio langu: kwanza uweze mbio dhidi ya saa, halafu uweze kubaki wima. Hoja ya Mzee wa Ilala ni ngumu zaidi kuipima, ila miaka iliyofuata imetupa mwanga kuhusu Kuss. Mwaka 2024 ugonjwa wa korona ulimkosesha Tour, akashinda Vuelta a Burgos, mbio fupi za Hispania, kisha akaingia Vuelta kutetea taji akiwa kiongozi na kumaliza wa 14. Mwaka 2025 alirudi Vuelta kumsaidia Vingegaard, aliyeshinda, na Kuss mwenyewe akamaliza wa saba. Kwenye Bola del Mundo, mlima wa mwisho, alikuwa wa pili nyuma ya bosi wake. Alipopewa uongozi alipata nafasi ya 14, na aliporudishiwa utumishi alipata ya saba.

Wapo watakaosema hiyo ni hukumu. Mimi naona 2024 ulikuwa mwaka wa mgonjwa anayejitafuta, na mwaka mmoja hautoshi. Kama ningekuwa mwenye kupanga timu, nisingemnunua Kuss nimjengee Tour, kwa kuwa Tour ina Tadej Pogačar na Vingegaard, na hao hata João Almeida, Mreno wa timu ya Pogačar anayemzidi Kuss mbali kwenye mbio dhidi ya saa, hajaweza kuwagusa hapo. Kwenye Tour ya 2024 Almeida alikuwa wa nne akimtumikia Pogačar, na alipopata nafasi yake kwenye Vuelta ya 2025 akawa wa pili kwa dakika 1 na sekunde 16. Ningempa Kuss Vuelta yenye vilele vingi na kilomita chache za saa, nimtume mbele kwenye kundi la mapema katika wiki ya kwanza kama ilivyotokea Javalambre, na niwalazimishe wengine wamfukuze. Asipofika hatua ya kumi akiwa na muda mkononi, nafuta mpango na kumrudisha kazini kwake. Mpanda Pugu, wewe ungempa nani uongozi kati yake na Almeida, kwa njia hiyohiyo?